Shule ndogo shirikishi au shule kubwa ya kawaida: ulinganisho wa mzazi aliyekuwa na mtoto kila upande

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa naandaa mabegi mawili ya shule kila jioni, na ungedhani ni ya watoto wa nyumba mbili. La binti yangu, kifungua mimba, lilikuwa na kipande cha gome la mti, kamba, daftari lisilo na mistari na nguo za kubadili, kwa sababu kesho yake wangechimba. La mdogo wake wa kiume lilikuwa na madaftari saba yaliyofunikwa kwa karatasi, kila moja na somo lake, pamoja na kazi ya nyumbani iliyosubiri saini yangu.

Binti alisoma shule ndogo ya binafsi tangu ana miaka mitano hadi kumi na mmoja. Shule nzima haikufika watoto sabini. Mdogo wake alianzia hapo hapo, nikamhamishia shule kubwa ya kawaida alipofikisha miaka saba. Naandika haya kwa mzazi mwenye fomu mbili mezani na muda mfupi wa kuamua. Nimewasikiliza pia wazazi wenzangu wa pande zote mbili, waliobaki na waliohama, na jambo moja limejirudia kwa karibu kila mmoja wao: katika shule ndogo ada yako inakununulia watu, katika shule kubwa inakununulia utaratibu. Ukilijua hilo mapema, mengi yatakayofuata hayatakushtua.

Kwanza, tunalinganisha nini

Shule shirikishi naiita ile ambayo mtoto hujifunza kwa kutenda, kuuliza na kuchunguza. Watoto wa umri tofauti hukaa chumba kimoja. Alama hazitolewi, au hutolewa kwa nadra. Na mwalimu huanzia kwenye kile ambacho mtoto ana hamu ya kukijua. Mizizi yake ni ya zamani kuliko matangazo yanavyotuambia. John Dewey alifungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Maria Montessori alianza Januari 1907 na watoto wa mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Rudolf Steiner aliongoza shule iliyofunguliwa Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, na A. S. Neill akaanzisha Summerhill mwaka 1921, ambako mtoto haingii darasani asipotaka.

Wanne hawa hawafundishi kitu kimoja. Kwa Montessori, mtoto wa miaka minne hushika herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, anazipitisha kidole huku akitamka sauti zake. Kwa Steiner, kusoma husubiri hadi mtoto akaribie miaka saba, na kabla ya hapo ni hadithi, nyimbo na kazi za mikono. Kwa hiyo mwalimu mkuu akikuambia shule yao ni ya kisasa na inamjali mtoto, bado hajakuambia lolote. Muulize wanafuata njia ya nani, na walimu wake walisomea wapi njia hiyo. Jina la Montessori halina mwenyewe kisheria katika sehemu nyingi za dunia. Yeyote anaweza kulipaka rangi getini.

Halafu kuna udogo. Wazazi wengi, mimi nikiwemo, tunachanganya udogo wa darasa na namna ya kufundisha, kwa sababu tunauziwa vyote kwenye kifurushi kimoja. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza jaribio kubwa: watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Ila madarasa hayo yalikuwa ya kawaida, yenye ubao, vitabu na mitihani. Faida ile ililetwa na uchache wa watoto. Ukiona watoto wa shule ndogo wanang'ara, jiulize ni mbinu iliyowang'arisha au ni kwamba mwalimu ana watoto kumi na wanne tu wa kuwatazama usoni.

Kusoma: hapa ndipo nilipoumia

Binti yangu alijifunza kusoma karibu peke yake. Alikuwa na miaka mitano, akaanza na maandishi ya kwenye makopo, akahamia mabango, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anamsomea mdogo wake. Nikaamini shule imefanya muujiza. Nikawaambia ndugu na majirani.

Mdogo wake akafika miaka sita akiwa bado anabahatisha. Anatazama picha, anatazama herufi ya kwanza, anataja neno linalofanana. Kwenye picha ya mbwa palipoandikwa "mnyama" yeye alisoma "mbwa", akaendelea kwa furaha. Nilipomuuliza mwalimu wake, mtu mwema ambaye hadi leo ninamheshimu, alinijibu: "Mama, atasoma wakati wake ukifika." Niliusubiri wakati huo mwaka mzima. Mtoto akaanza kusema anaumwa tumbo kila zamu yake ya kusoma ikikaribia.

Katika shule mpya alikaa na watoto thelathini na wanane. Lakini kila asubuhi, dakika kumi na tano, mwalimu alichukua kikundi cha wasiojua kusoma na kuwapitisha kwenye sauti za herufi, kisha silabi, kisha maneno mafupi, kwa mpangilio ule ule bila kuruka hatua. Baada ya miezi minne alikuwa anasoma. Siku moja alisimama mbele ya bango tulilolipita miaka yote, akalisoma lote, akaniuliza: "Kumbe siku zote lilikuwa linasema hivyo?"

Sababu yake si siri. Mwaka 2000 jopo la wataalamu nchini Marekani lilipitia tafiti nyingi za kufundisha kusoma na kukuta kwamba kufundisha uhusiano wa herufi na sauti kwa utaratibu huwasaidia watoto, hasa walio katika hatari ya kukwama. Wapo watoto wanaoipata siri hiyo kwa vidokezo vichache, kama binti yangu, na wapo wanaohitaji kuonyeshwa njia hatua kwa hatua. Shule yetu ndogo ilikuwa nzuri kwa kundi la kwanza na ikaliacha la pili lizunguke. Lugha nayo ina neno lake hapa. Anayejifunza kusoma Kiswahili ana irabu tano na herufi zinazotamkwa zilivyoandikwa. Akishashika ba, be, bi, bo, bu, safari imeshakuwa fupi. Kiingereza hakimhurumii mtoto hivyo. Shule inayomwacha mtoto agundue mwenyewe kusoma Kiingereza inamtwisha mzigo mzito kuliko inavyodhani.

Siyo kwamba shule zote shirikishi zina udhaifu huu. Zile herufi za msasa za Montessori ni utaratibu kamili wa sauti, ila umevishwa mchezo. Ndiyo maana siku ya kutembelea usiulize kama wanafundisha kusoma. Sema: "Nionyesheni mlichofanya wiki hii na mtoto ambaye bado hajajua kusoma." Wakikuonyesha hatua, kaa utulie. Wakikueleza namna watoto wao wanavyopenda vitabu, endelea kuuliza.

Hesabu zilikuja kinyume chake

Binti yangu alijua kwa nini kugawanya kwa nusu kunaleta jibu kubwa zaidi. Angekukatia karatasi akuonyeshe nusu ngapi zimo ndani ya tatu. Lakini akiwa na miaka kumi, saba mara nane bado alihesabu kwa vidole, na kila swali refu lilimchosha kabla hajafika katikati. Mdogo wake aliimba majedwali ya kuzidisha hadi bafuni. Nikamuuliza: watu 130 wanasafiri, basi moja linachukua 40, mabasi mangapi yatahitajika? Akajibu papo hapo: "Matatu, baki kumi." Nikamuuliza hao kumi watafikaje. Alinitazama kana kwamba nimebadilisha somo.

Pengo la binti lilizibwa kwa mazoezi ya dakika kumi kila jioni, likaisha ndani ya muhula mmoja. La mdogo wake lilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mtu anayedhani hesabu ni jibu la haraka hukasirika ukimtaka afikiri. Kama ningelazimishwa kuchagua pengo la kuziba mwenyewe nyumbani, ningechagua lile la majedwali. Katika kusoma ningechagua kinyume: kufundisha silabi ni kazi ninayotaka ifanywe na mwalimu anayeijua.

Miradi

Uwanja wa shule ndogo ulikuwa unatuama maji kila mvua ikinyesha. Kikundi cha binti yangu, watoto wa miaka minane hadi kumi, wakaachiwa tatizo hilo muhula mzima. Walichukua mpira mwembamba wa kupitishia maji, unaoonyesha ndani, wakaujaza maji, wakautumia kupima usawa wa ardhi pande mbili za uwanja. Walichora ramani, wakabishana mfereji upite wapi, wakamwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba ruhusa, wakanyimwa, wakaandika ya pili yenye sababu bora zaidi. Kisha wakachimba. Mfereji ulifanya kazi upande mmoja na upande wa pili ukashindwa, na walijua kwa nini ulishindwa. Miaka imepita na binti yangu bado anaweza kukueleza maji yanavyotafuta usawa.

Mdogo wake alisoma mada ya maji kwa wiki mbili: maana, aina, mzunguko wa maji, mchoro, jaribio. Alijua maneno mvukizo na mtonesho, ambayo dada yake hakuwahi kuyasikia. Akazidi kujua vyanzo vya mito, magonjwa yaletwayo na maji machafu na namna ya kuyasafisha.

Moyo wangu uko upande wa mfereji, sifichi. Lakini muhula mmoja wa mfereji ni muhula ambao kitu kingine hakikufundishwa. Nilipohesabu baadaye, nikakuta binti yangu alipita miaka miwili bila kugusa historia, kwa sababu mwalimu wa kikundi kile alipenda sayansi na useremala. Mpango wa mwaka uliandikwa vizuri kabisa, historia ilikuwemo. Basi usiombe mpango. Omba orodha ya walichofanya kweli, kikundi kwa kikundi, miaka miwili iliyopita. Shule shirikishi iliyo makini inayo, maana walimu wake huandika kila siku. Katika shule kubwa huhitaji kuuliza: muhtasari wa masomo upo, na daftari la mtoto linakuonyesha wamefika wapi.

Ripoti

Ripoti ya kwanza ya binti yangu ilikuwa barua ya kurasa nne. Ilieleza anavyoomba radhi akikosea, anavyosimama pembeni kwanza kabla ya kujiunga na mchezo, swali aliloliuliza kuhusu kivuli na likawashinda wakubwa. Nililia nikiisoma, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine duniani anayemwona mwanangu kama ninavyomwona. Ripoti ya kwanza ya mdogo wake katika shule kubwa ilikuwa safu ya namba na "nafasi ya 23 kati ya 39".

Kuna utafiti ninaoupenda wa Ruth Butler, uliochapishwa mwaka 1988. Wanafunzi waliopewa maoni ya maandishi peke yake waliboresha kazi zao na hamu yao ikaongezeka. Waliopewa alama pamoja na maoni hayo hayo hawakupata faida hiyo. Alama iliyafunika maoni. Kwa hiyo shule zinazokataa kumpachika mtoto namba zina hoja nzito, na ninaiunga mkono kwa mtoto.

Kwa mzazi ni hadithi nyingine. Katika barua zile tamu za mdogo wake kulikuwa na sentensi moja iliyojirudia mihula mitatu: "Anapenda sana vitabu." Ilikuwa kweli. Alipenda kusomewa. Hakuna aliyeniandikia kwamba hajui kusoma, kwa sababu mtindo wa barua zile haukuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo bila kuonekana kumhukumu mtoto. Namba baridi ya shule kubwa ingenishtua miezi kumi na miwili mapema. Ukimpeleka mtoto shule isiyotoa alama, kila muhula muulize mwalimu uso kwa uso: kuna jambo lolote ambalo wenzake wa umri huu wanaliweza na yeye bado? Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu.

Marafiki

Kikundi cha binti yangu kilikuwa na watoto kumi na mmoja, wasichana watatu. Kwa miaka minne watatu hao walikuwa chanda na pete. Kisha, kwa sababu ambayo hadi leo hakuna aliyeielewa, wawili wakashikamana na binti yangu akabaki nje. Katika darasa la watoto arobaini angetafuta mwingine. Pale hapakuwa na mwingine. Miezi minne alikaa na vitabu wakati wa mapumziko. Walimu waliliona siku ile ile, waliwaketisha kwenye duara, walizungumza nao kwa upole wiki baada ya wiki, na hilo lilimfunza mengi kuhusu kusema linalomuuma. Urafiki haukurudi hadi familia moja ilipohama.

Mdogo wake, katika shule kubwa, alipata timu ya mpira ndani ya siku tatu. Pia alinyang'anywa vitu vyake nyuma ya vyoo kwa wiki tatu na wakubwa wawili kabla mtu mzima yeyote hajajua. Nilijua mimi, kwa kuhesabu kalamu.

Hapa wazazi hawatapatana kamwe, na sitaki kuwapatanisha. Mama mmoja niliyekuwa naketi naye kwenye vikao alimtoa mwanawe shule kubwa baada ya mwaka mzima wa kupigwa. Katika shule ndogo, kabla muhula haujaisha, mtoto akaanza kulala usiku kucha. Mama huyo alijua mapungufu yote niliyoyataja hapa, na aliniambia hata wakimfundisha mwanawe kusuka vikapu peke yake hatamtoa. Sikumjibu kitu, maana alikuwa sahihi kwa mtoto wake. Mtoto aliyeumizwa kwanza anahitaji kuonekana, na hakuna shule inayomwona mtoto kama shule ndogo.

Kabla ya kujiandikisha, omba kuhesabiwa: watoto wangapi wa umri wa mwanao, na wangapi kati yao ni wa jinsia yake. Wakikuambia watatu au wanne, hakikisha ana marafiki kwingine: wa mtaani, wa ibada, wa michezo, binamu zake.

Mwalimu akiondoka

Hili ndilo ambalo hakuna aliyenieleza, na ndilo zito kuliko yote.

Katikati ya mwaka wetu wa nne, mwalimu wa binti yangu, yule wa mfereji, aliondoka. Alitofautiana na mwenye shule kuhusu namna ya kuwapokea watoto wapya. Shule haikutoa maelezo. Baada yake ukaja muhula wa walimu wa kushikiza, kila mmoja na tafsiri yake ya uhuru wa mtoto: mmoja aliwaacha wafanye watakavyo, mwingine akaleta mazoezi ya kuchapisha usiku na kuyagawa asubuhi. Jina getini lilikuwa lile lile. Ada ilikuwa ile ile. Shule niliyoichagua ilikuwa imeondoka na mkoba wa mtu mmoja.

Halikuanza leo. Dewey mwenyewe aliondoka Chicago mwaka 1904 baada ya mvutano na uongozi wa chuo kuhusu uendeshaji wa ile shule, ambayo mkewe Alice alikuwa mkuu wake. Shule ile ipo hadi leo, na nadhani ni kwa sababu ilikuwa na taasisi kubwa nyuma yake. Shule ndogo nyingi hazina kitu nyuma yake isipokuwa mwanzilishi, nguvu zake na imani yake. Familia tano zikihama, mshahara wa mwalimu mmoja umekwenda nazo. Mwalimu akienda, familia nyingine tatu zinaanza kutazamana.

Katika shule kubwa mwalimu wa mdogo wake aliugua, na wiki iliyofuata mwingine akaendelea ukurasa ule ule. Hakuwa na joto la yule wa kwanza. Lakini aliendelea.

Kuna shule ambazo mtoto hukaa na mwalimu mmoja miaka mingi kwa makusudi. Katika shule za Steiner lengo ni mwalimu mmoja wa darasa tangu la kwanza hadi la nane. Wazazi waliobahatika wanakuambia mwalimu huyo amekuwa kama mzazi wa tatu. Lakini mwalimu asiyepatana na mtoto wako naye atakaa naye miaka hiyo minane. Hivyo, kabla ya kuandika jina, kutana na mwalimu ambaye atamshika mwanao, si mwalimu mkuu peke yake. Uliza: walimu waliokuwepo miaka mitatu iliyopita, wangapi wako hapa leo? Mwanzilishi akiugua, nani anaamua? Mzazi akiwa na malalamiko dhidi ya mwenye shule, anayapeleka kwa nani? Swali la mwisho litakupa picha haraka. Shule niliyoijua mimi jibu lake lilikuwa "kwa mwenye shule".

Kazi ya mzazi

Shule kubwa ilinitaka mara mbili kwa muhula. Shule ndogo ilinitaka karibu kila wiki: vikao, siku za usafi, kusindikiza ziara, kukarabati madawati, kutafuta familia mpya. Niliipenda kazi hiyo, na baadhi ya watu niliowapata pale ni ndugu zangu hadi leo. Mzazi anayefanya kazi zamu mbili au anayelea peke yake anaumia, na anahukumiwa kimya kimya kwa kutoonekana. Ukijijua huna muda huo, uliza wazi nini ni hiari na nini ni lazima.

Mtoto anayehitaji msaada wa pekee

Shule ndogo hupokea kwa mikono miwili watoto ambao kwingine walionekana wasumbufu: wasioweza kutulia, wenye usonji, wenye disleksia, yaani ugumu wa pekee wa kusoma na kuandika. Kwa wasiotulia nimeona mabadiliko makubwa, kwa sababu tu wameruhusiwa kusimama na kutembea. Kwa disleksia nimeona uchungu. Upendo upo, mtaalamu hayupo, na miaka inakwenda. Shule kubwa mara nyingi ina foleni ndefu ya kumfikia mtaalamu, lakini ina foleni. Kama mwanao ana hitaji linalojulikana, jibu la "huku kila mtoto ni wa pekee" lisikutoshe. Uliza nani, kwa mafunzo gani, na saa ngapi kwa wiki.

Kuhama baadaye

Binti yangu alihamia shule kubwa akiwa na miaka kumi na mmoja. Mtihani wa kwanza wenye saa ulimkuta hajawahi kuuona mwingine. Akaandika ukurasa mzima, mzuri, kwa swali la kwanza, na maswali tisa yakabaki meupe. Alirudi nyumbani akiwa amevimba macho. Muhula wa pili alikuwa katikati ya darasa, mwaka uliofuata akapanda juu yake.

Wazazi wa shule shirikishi wanapenda kuutaja utafiti wa miaka minane uliofanyika Marekani miaka ya 1930. Shule 30 za sekondari ziliruhusiwa kubadili mtaala, kisha wanafunzi 1,475 walioingia vyuoni wakalinganishwa, mmoja mmoja, na wenzao wa shule za kawaida wenye hali zinazofanana. Walifanya vizuri sawa nao, na kidogo zaidi. Unatia moyo. Kumbuka tu kwamba shule zile zilichaguliwa, zilikuwa na walimu hodari na watu wengi wakizitazama. Shule yako yenye walimu sita huenda haina hayo.

Alichobeba binti yangu kutoka shule ndogo hakionekani kwenye mtihani wowote. Akikosa kuelewa, anamfuata mwalimu na kumwambia hivyo. Mwalimu mmoja aliona ni utovu wa adabu. Wengine watatu walinipigia simu kunipongeza. Kama unajua atahama, mwaka wa mwisho mpe karatasi yenye saa mara moja kwa wiki, nusu saa tu, nyumbani, bila vitisho.

Ningechaguaje leo

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ningechagua shule ndogo tena bila kusita, mradi nimemwona mwalimu na nimempenda. Umri ule mtoto anahitaji mikono, mchanga, maneno na mtu mzima mwenye nafasi ya kumsikiliza. Kati ya sita na minane ningefuata kusoma. Shule yenye mwalimu bora wa kusoma ndiyo yangu, hata iwe na watoto arobaini. Kuanzia tisa ningehesabu marafiki. Na mtoto anayependa kuambiwa wazi nini cha kufanya, akakifanya, akapumua, nisingemlazimisha kwenye uhuru unaomtia hofu. Wapo watoto wa namna hiyo, na hawana kasoro.

Usiende siku ya maonyesho. Nenda siku ya kawaida, omba ukae nyuma saa nzima, na uache kuwatazama watoto wanaong'ara. Mtafute asiyefanya kitu. Katika shule shirikishi atakuwa anazurura kutoka meza hadi meza akigusa vitu. Katika shule ya kawaida atakuwa dawati la nyuma, macho dirishani. Sasa tazama saa yako: inachukua muda gani mwalimu kumwona, na akishamwona anamfanyia nini? Mimi ningekuwa nimefanya hivyo miaka ile, ningemkuta mtoto anayezurura na kitabu cha picha mkononi, na mwalimu akimtabasamia akipita.

Mdogo wangu ana mtoto wa miaka minne. Mwezi uliopita alikuja na daftari lake, maswali yote haya ameyaandika na majibu ya shule mbili kando kando. "Dada, shule ndogo wamebaki walimu watano kati ya sita tangu miaka mitatu iliyopita," akaniambia, "na mwalimu alikaa chini sakafuni na yule mtoto aliyekuwa anazurura, dakika ishirini." Amemwandikisha hapo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari ameandika tarehe ambayo mtoto atafikisha miaka sita na nusu, na chini yake: siku hii nimpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, bila picha, anisomee.